Kituo cha Nne: Uani kwa Mama Gitae

...na afadhali tteok imeninasa kaakaani, kwa sababu mwenyekiti Pyo ameshauliza, na ukumbi mzima wa kijiji umenigeukia, na mtu aliyejaza mdomo hadaiwi jibu, hiyo ni adabu ya kila mahali, acha nitafune polepole, mchele uliopondwa mpaka ukawa gundi, ukagaragazwa kwenye unga wa soya zetu wenyewe, Mungu aibariki gundi hii, nitafune kama mtu asiye na meno, na kweli upande wa kushoto sina, "Basi Mama Gitae, tuseme umekubali?" usiseme kitu, Pyo, hebu tulia, namwonyesha mdomo kwa kidole, anacheka, anamwambia yule binti wa kampuni ya utalii, "Bibi yetu anakula kwanza, huyu hakimbizwi," na binti Noh anainama kwa heshima ile ya Seoul, inaanzia kiunoni inaishia kwenye simu, halafu ananitabasamia kama mtu anayetazama mtoto mchanga au mbwa mzee, na ukutani nyuma yake mwanga wa mashine umechora mpango mzima, Safari ya Siku Moja Mpakani, basi linaondoka Seoul asubuhi, kituo cha kwanza handaki walilochimba watu wa ng'ambo, wale wa kaskazini, cha pili mnara wa kutazamia, cha tatu chakula cha mchana kwenye jiko letu la kina mama, mchuzi wa soya iliyovundikwa na kimchi, na cha nne, kwa herufi nyekundu kubwa kuliko zote, BIBI WA MPAKANI, na chini yake picha ya uani kwangu, na katikati ya picha kamba yangu ya nguo, na kwenye kamba, haki ya Mungu, suruali zangu za ndani za baridi, zile nene za rangi ya waridi, zimening'inia mbele ya milima ya kaskazini, nani alimruhusu huyu mtoto kupiga picha siku ya kufua, na wanaume wote wa kijiji wamekaa hapa wanazitazama kwa makini kana kwamba wameletewa ramani ya vita.

Wangeenda kwa Mama Cheolgu, si ndiye anayetaka, tazama alivyokuja mkutanoni na rangi ya mdomo, mwanamke wa umri wangu, tumekuja hapa mwaka mmoja, lori moja la jeshi, yeye na masufuria yake mimi na yangu, lakini kwake haiwezekani, alikuja ofisa wa jeshi akazunguka kijiji kizima akinyoosha kidole, hapa hapana, linaonekana lindo letu, hapa hapana, linaonekana lindo lao, hapa hapana kabisa na wala msiniulize kwa nini, mpaka alipofika uani kwangu, akasimama kati ya mti wa persimoni na banda la kuku, akasogea hatua moja kushoto, akasogea tena, akasema hapa sawa, hapa wageni wapige picha, kwa kuwa lile hema la plastiki la Mama Cheolgu analooteshea pilipili limeziba siri zote za nchi, kilichobaki ni milima na anga, basi, kwa hiyo kijiji chote kikitafutwa mahali pa kupigia picha ni uani kwangu tu, na binti Noh anasema mtalii anavumilia handaki, anavumilia hata mchuzi wa soya, lakini hawezi kurudi kwao bila picha ya kaskazini, kwa hiyo bila uani kwangu hakuna safari, na bila safari jiko la kina mama litafungwa majira haya ya baridi, Pyo kasema mara mbili, na mara ya pili alinitazama mimi, na Mama Cheolgu tangu siku ile ya ofisa hanisalimii mpaka nimwanze, eti pilipili zake ndizo zilizonipa umaarufu, halafu anasema, hata sasa hivi anamnong'oneza jirani yake kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Mtu anaombwa kusimama tu uani kwake, anatafuna kama ng'ombe," tafuna, Jeomrye, najiambia, usimjibu, ng'ombe ni mnyama mwenye subira.

Kazi yenyewe wanasema si kubwa, "Unasimama tu, Bibi," binti Noh alieleza, "unatazama milima, unashusha pumzi, wageni wanaguswa, na machozi yakija yaje yenyewe, hatulazimishi," na Pyo, huyo ni mtu wa vitendo, alikuwa fundi mitambo jeshini, akauliza, "Na yasipokuja? Tumwekee kitunguu?" ukumbi ukaangua kicheko, na binti akaandika, nilimwona kwa macho yangu akiandika, kitunguu, kwenye simu yake, lakini huko kaskazini nitamlilia nani mimi, nimezaliwa Chungcheong kwenye mashamba ya mpunga, kusini huko, watu wangu wote wa kusini, marehemu Baba Gitae naye alikuwa mtu wa kusini kuliko mimi, askari aliyepewa shamba hapa kwa sharti la kulima huku anatazama bunduki, ndugu yangu wa kaskazini kuliko wote ni dada yangu aliyeolewa Pocheon, na huyo simlilii, anadaiwa sufuria, wa kaskazini ninaowajua ni wale wa vipaza sauti vya mpakani tu, miaka nenda miaka rudi wametuimbia, wametutukana, mwisho wakaleta zile sauti za ajabu kama mbweha amebanwa mlangoni, mpaka kuku wakasusa kutaga, halafu vikanyamaza, na nitasema kweli, wiki ya kwanza ya ukimya nilikosa usingizi, lakini huwezi kumlilia mtu kwa sababu alikupigia kelele, nilimwambia binti Noh, "Mwanangu, mimi si mtu wa huko," akasema, "Si lazima kusema, Bibi, wewe tazama tu," ujanja wa vijana wa siku hizi, hawasemi uongo, wanakusimamisha karibu na uongo.

Na sababu nilitoa, nilizitoa tangu mkutano wa kwanza, nikasema kuku wangu hawataki wageni, Pyo akasema tutaweka wavu, nikasema vitunguu saumu vyangu vimeanikwa uani vitakanyagwa, Pyo akasema vianikwe kwake, nikasema choo, watu basi zima wametoka kunywa mchuzi wa soya halafu choo ni kimoja na mlango wake unafungwa kwa kamba, nikadhani hapo nimemkamata, Pyo akasema vyoo vitaletwa kwenye lori, vyenye muziki ndani, mtu mbaya sana huyu Pyo, hakuna mtu mbaya kama anayetatua matatizo yako yote, amenivua sababu moja moja mpaka imebaki ile ya kweli, na ile ya kweli siwezi kuisema hapa, hata nikiwa sina tteok mdomoni, sababu ya kweli ni geti, ndiyo, geti la jeshi pale darajani, la kuingilia kijijini, kwa sababu geti hilo mimi na mwanangu Gitae tunalihitaji, tunaliegemea, mimi upande huu yeye upande ule, na hawa wanataka kulifungua.

Si kulifungua hasa, geti litakuwepo, askari watakuwepo, kwetu sisi lile geti ni kama hali ya hewa, mgeni wako haji hivihivi, jina linapelekwa mapema, siku ikifika unakwenda mwenyewe darajani kumpokea, anaacha kitambulisho anapewa pasi, akitoka anarudisha pasi anapewa kitambulisho, hata awe mwanao uliyemzaa humu humu ndani akajifunza kutembea akiambiwa usikanyage nje ya njia, kuna mabomu, ukiagiza kwa simu kuku wa kukaanga haletwi, tambi nyeusi haziletwi, fundi wa friji anataka barua, na kwa hiyo kila Jumapili Gitae anapiga simu kutoka Incheon, naibu mwalimu mkuu wa shule, mtu na heshima zake, anasema, "Mama, ningekuja, lakini hilo geti," nami nasema, "Ndiyo baba, geti," anasema, "Siku hizi wamezidi ukali," nasema, "Wamezidi, baba, usijisumbue," halafu ananiuliza magoti, namwambia mazima, namuuliza mtoto, ananiambia anakua, na tunaagana vizuri kabisa, hakuna aliyemdanganya mwenzake, tumekubaliana bila kukubaliana, na sikukuu tatu za mavuno zimepita hivyo, na majirani wakiuliza, "Gitae haji?" nasema, "Geti," na wao wanatikisa kichwa, "Ah, geti," nani ataligombeza geti.

Lakini sikia anachosema huyu binti, anasema tena kwa wale waliochelewa, "Wageni wetu hawahitaji kupokelewa na mtu, majina anayo mwongozaji, askari anapanda basi, anatazama vitambulisho, anashuka, tunapita," na mzee mmoja nyuma anauliza, "Kila siku?" "Kila siku isipokuwa Jumatatu," "Mtu yeyote?" "Yeyote mwenye kitambulisho, babu, hata aliyeamua asubuhi hiyo hiyo akiwa kitandani," na hapo tteok ilinigeukia mdomoni ikawa jiwe, kwa sababu hebu fikiri, basi zima, watu wa Busan, watu wa Brazili, mtu hajui hata jina la kijiji, anaamka Seoul anajinyoosha anasema leo niende wapi, na kabla ya mchana yuko uani kwangu anapiga picha kuku, na mwanangu mwenyewe geti limemshinda, nitasema nini, Jumapili nitasema nini, na Mama Cheolgu ambaye mwanawe huja kila mwezi na sanduku la machungwa, anapita nalo mlangoni kwangu taratibu, wala si njia yake, nitamwambia nini, ah, geti?

Na haya yote ni kwa sababu ya kabichi, ukitafuta chanzo utakuta kabichi, sikukuu ile ya mwisho aliyokuja, na mkewe na mtoto, gari dogo la kijivu, nami nikawafungia vitu, mama gani anamwacha mwanawe aondoke mikono mitupu, nikaweka kabichi, nikaweka figili, nikaweka gunia la soya, maboga matatu, mtungi wa soya iliyovundikwa, kabichi tena, mkewe akasema, "Mama, inatosha," inatosha ndilo neno gani, nikaweka viazi vitamu, na Gitae alikuwa ameonja pombe ya mchele kaburini kwa babake na tena mezani, hawezi kuendesha, kwa hiyo mkewe akashika usukani na yeye nikamsokomeza kiti cha nyuma, nikampanga vizuri, kabichi huku kabichi huku, koti juu, akalala hapo hapo, na darajani foleni ilikuwa ndefu kwa sababu ya sikukuu, askari anakusanya pasi haraka haraka, mkewe akatoa ya kwake na ya mtoto, akachukua vitambulisho, askari akachungulia nyuma, akaona kabichi, akapiga saluti, wakapita, na pasi ya Gitae ikapita nayo, mfukoni mwake, chini ya mboga.

Jioni askari wanafunga hesabu, kitambulisho kimoja kimebaki, Mo Gitae, mwanamume, ameingia, hajatoka, aigo, walikuja kwangu na mbwa wawili, nikasema ameondoka, wakasema hajaondoka, nikasema nimemfunga mwenyewe kwenye gari, wakatazamana, simu yake imezima, ya mkewe imo kwenye mkoba chini ya maboga, na yule luteni, mtoto wa juzi, chunusi hazijakauka, akauliza ukumbini hapa hapa mbele ya watu, "Je, marehemu... samahani, je, ndugu Mo amewahi kuonyesha dalili za kuipenda kaskazini?" na Mama Cheolgu, Mama Cheolgu aliyemwogesha Gitae akiwa mchanga, akasema, "Mimi siku zote nilimwona hana raha na ndoa yake," na kipaza sauti cha kijiji kikawashwa, Pyo mwenyewe alishika maikrofoni, "Bwana Mo Gitae, kama uko kwenye matete, tunakuomba utoke taratibu, fuata njia uliyoingilia, kumbuka mabomu, mama yako anakungoja," ikasikika mabonde yote, nina hakika na wa ng'ambo walisikia, wakatafuta na wao upande wao, na wakati huo Gitae yuko nje ya nyumba yake Incheon, mkewe anashusha kabichi moja moja mpaka akamfikia.

Akarudi, ilibidi arudi kuchukua kitambulisho, akasimama pale darajani na pasi mkononi, naibu mwalimu mkuu, na matrekta yote ya kijiji yanarudi shambani yanapita mbele yake polepole, na luteni anamsomea kanuni kwa sauti, na mtu mmoja juu ya trekta, sitamtaja, ana hema la pilipili, akapaza sauti, "Karibu nyumbani, Mtoro! Huko kaskazini wanakula nini?" na watu wakacheka mpaka wakashikilia usukani, sikatai ilikuwa inachekesha, hata mbwa wa jeshi walichangamka, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu nikaona masikio ya mwanangu, yalikuwa mekundu kama siku ile ya darasa la pili alipojikojolea kwenye lori la kupeleka watoto shule, na sikio jekundu la Gitae nalijua mimi peke yangu, alichukua kitambulisho, akaniinamia, akasema, "Mama, rudi ndani, baridi," akaondoka, na jina la Mtoro likabaki, likakaa kijijini likazeeka, mwalimu anayewafukuza watoto watoro kwao anaitwa Mtoro, basi Jumapili iliyofuata akasema, Mama, hilo geti, na mimi kwa mapenzi yote nikasema, ndiyo baba, geti, nilidhani ni dawa ya wiki moja.

"Mama Gitae, umemeza?" Pyo anauliza, nampungia, bado, kuna nyingine imebaki jinoni, na ndivyo wanavyoniita, tazama, miaka yote hii hakuna aliyeniita Jeomrye isipokuwa mimi mwenyewe nikijigombeza, kila anayenitaka lazima alitaje jina la yule asiyekuja, Mama Gitae njoo ule, Mama Gitae kuku wako wako kwangu, Mama Gitae umekubali, na mimi naitika, siku nzima naitika, na binti Noh anasema, "Tukianza mwezi ujao, basi la kwanza ni la majaribio, bado kuna viti," na Mama Cheolgu, nilijua, nilijua tangu alipopaka ile rangi, anasema mbele ya watu wote, "Basi hata Mtoro naye sasa atakuja kumwona mamake, akate tiketi!" na watu wakacheka, wakacheka vizuri tu, halafu wakaona sicheki, kicheko kikapungua, kikakatika mmoja mmoja mpaka akabaki mzee wa nyuma asiyesikia, na yeye akanyamazishwa na mkewe, na Pyo akasema, "Mama Cheolgu, hebu," na Mama Cheolgu akatazama mikono yake, na najua anachofikiri, simchukii, huyu ndiye anayekuja kila sikukuu na sahani ya maandazi ya mchele akisema yamebaki, wala hayajabaki, yana umbo la kupangwa, anayaweka anaondoka hajakaa, ili asinikute naweka bakuli moja mezani, amekuwa akilijua geti siku zote, wote walikuwa wanalijua, ah geti, ah geti, kijiji kizima kimekuwa kikinishikia geti, mimi nilidhani nawaficha na wao wananificha mimi, na mwenye kudanganyika kijijini alikuwa nani kama si mbwa wa jeshi.

Basi kataa, Jeomrye, meza useme hapana, jiko la kina mama lifungwe, tule kila mtu kwake, geti libaki geti, Jumapili zibaki Jumapili, mtu wa umri wangu anahitaji nini zaidi ya sauti ya mwanawe akimuuliza magoti, nitasema hapana, nitasema kuku, nitarudia tu neno kuku mpaka wachoke, na nimeshafungua mdomo kidogo, gundi imelegea, na binti Noh anadhani sijaelewa kazi, masikini, anainuka kunionyesha, anasimama katikati ya ukumbi na zile soksi zake zenye picha za dubu, anaweka mikono nyuma anakunja mgongo, huyo ndiye mimi, ukumbi unacheka tena kwa nafuu, anageuka taratibu mpaka anaelekea dirisha kubwa, anainua kidevu, anashusha pumzi ndefu ya kusikitisha, anasema kwa sauti laini ya basi la watalii, "Hivi, Bibi, unasimama unatazama kule waliko watu wako, ambao hamjaonana miaka, na huwezi kwenda na wao hawawezi kuja..." na ukumbi mzima ukalipuka, "Si huko! Si huko, binti! Huko ni darajani!" "Huko ni Incheon!" "Utawapeleka wageni wakalilie soko la samaki!" Pyo anajipiga paja, mzee wa nyuma anauliza nini, nini, mkewe anamwambia, "Ameikosa kaskazini," na binti amekuwa mwekundu, anazunguka kama kuku aliyefunguliwa gizani, "Samahani, samahani, nilidhani... dirisha kubwa..." na wote wanacheka isipokuwa mimi, na Mama Cheolgu, yeye pia hacheki, ananitazama mimi.

Kwa sababu hajakosea, huyu mtoto, hata nukta, alisimama ninaposimama, kila Jumapili baada ya simu natoka uani, kuku wanadhani nimewaletea mahindi, na sijawahi hata siku moja kutazama ile milima, milima ina nini, imekaa tu, mimi naipa kaskazini mgongo, natazama barabara inayotoka darajani, pale inapokata kona kwenye shamba la soya la Pyo, natazama kila gari la kijivu, kuna la posta la kijivu, kuna la daktari wa mifugo la kijivu, yote nayajua kwa mngurumo, na wamekuja hapa na ofisa na vipimo kutafuta mama aliyetengwa na wake, wakanigeuza uso upande usio wangu, wa kwangu yuko kusini, ng'ambo yangu mimi ni Incheon, saa moja na nusu kwa gari, na hapo katikati hakuna bomu hata moja, kuna masikio mawili mekundu na kizee kinachosema ndiyo baba, na geti, masikini ya Mungu, geti limekaa tu pale darajani linafanya kazi yake, linauliza jina, linapisha, halijamkataa mtu, tumelibebesha mzigo wetu wenyewe, na Jumapili akisema, "Mama, hilo geti," nitamwambia, Gitae, geti linapitisha watu wa Brazili, sasa wewe niambie kweli au uje, na ukiona haya kuja kama mwanangu nikupokee darajani mbele ya matrekta, njoo na basi, kaa katikati ya wageni, vaa kofia, utapewa kibandiko kifuani kama wenzako, hakuna atakayekuita Mtoro, shuka kituo cha nne unitazame ukitaka kunitazama, sitakuita jina, nitajikaza, sijui kama nitajikaza, na ukinuna, nuna, na ukikata simu, kata, heri nikose Jumapili moja nikijua kuliko kuwa nazo zote hizi, "Mama Gitae," Pyo anasema kwa upole sasa, machozi ya kicheko bado shavuni, "tusikusumbue, kama hutaki sema tu hutaki," ngoja, Pyo, nameza, ngoja inashuka, nimekubali, leteni mabasi yenu na vyoo vya muziki, nitaondoa zile suruali kwenye kamba, lakini binti huyo aandike kwamba nitasimama alivyosimama yeye, wageni wapige picha za kaskazini wanavyotaka, mimi niwe nimewapa mgongo pamoja nayo, nimeelekea barabarani, na kitunguu msinunue, kwa upande ule machozi ninayo.